Shamba Alilovuna Mtakatifu Isidori

Noela alishuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa la kigango saa mbili kasoro asubuhi, akamlipa dereva, akakung'uta vumbi la sketi. Kazini kwake, kwenye mashamba ya miwa, walikuwa wamempa ruhusa ya siku mbili aje sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Uwanja ulishajaa. Wachuuzi walikuwa wametandika mitumba juu ya maturubai, bembea la kuzunguka kutoka Ifakara lilikuwa linakazwa nati, na kikundi cha ngoma ya sangula kilikuwa kinapasha ngoma motoni. Mama mmoja aliuza kambale wa kukaanga na pombe ya kangara kwenye ndoo, ingawa padri alishakataza kangara kabla ya Misa.

Mama yake, Domitila, alikuwa ameketi benchi la mbele, amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nimefunga tangu jana. Namwomba Mtakatifu ashuke kwetu."

Kila tarehe kumi na tano Mei, Misa ikiisha, wanaume wanne huibeba sanamu ya Mtakatifu Isidori Mkulima kwenye machela na kuizungusha mashambani. Mahali anapopataka, Mtakatifu hushuka, hupewa mundu mpya na kuvuna mpunga mpaka jioni. Ana urefu wa mtoto wa miaka kumi, na akishuka haongezeki, ndiyo maana humaliza kazi kwa shida. Humvunia mtu asiye na wa kumvunia: mjane, mgonjwa, mzee aliyetelekezwa na watoto. Mwaka jana alivuna kwa Marselino aliyevunjika nyonga. Hajawahi kuvuna kwa tajiri, na matajiri hawajawahi kulalamika. Anayevuniwa hulisha msafara chochote alicho nacho, hata viazi, kuwa ni shukrani. Mila haijawahi kudai zaidi ya hapo.

Sasa, shamba lenyewe alilokuwa analiombea Domitila. Lilikuwa ekari tatu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kijijini kwao Michenga. Beatus, mume wa Domitila, alilifyeka kwa mikono yake likiwa matete matupu. Alipofariki, mdogo wake Remigius aliingiza trekta kabla ya arobaini, akasema ardhi ni ya ukoo na mke wa marehemu ni mgeni tu. Mgeni wa miaka ishirini na sita. Baraza la ardhi lilikaa mara tatu. Mara ya tatu mwenyekiti, mzee Gasper, aliandika kwamba shauri lisubiri sikukuu: Mtakatifu akishuka pale, basi shamba ni la yule anayesaidiwa, na kila mtu alielewa kuwa ni mjane, maana Remigius ana trekta na vibarua, hana haja ya msaada wa mbinguni. Karatasi ile iligongwa muhuri. Domitila aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Kwa miaka miwili alizunguka njia ya mbali ili asilikanyage lile shamba. Alisema ataingia siku atakayoingia kama mwenye mali.

Msafara uliondoka saa tano. Mbele walikwenda wapiga ngoma, katikati machela, nyuma watu kama mia tatu, wakiwemo waliotoka kwenye bembea na kwenye kangara. Tope lilikuwa bado bichi kwenye vijaluba vya mpunga. Walipita mashamba manne, na Mtakatifu alitazama mbele tu. Walipofika kwenye zile ekari tatu aliinua mkono. Wabebaji walipiga magoti, yeye akashuka, akakunja vazi lake kiunoni, akapokea mundu na kuanza kona ya mashariki.

Domitila alipiga magoti njiani na kulia kwa sauti. Noela alimrekodi Mtakatifu kwa simu, kuanzia aliposhuka mpaka alipofunga mganda wa kwanza. Alifurahi kiasi kwamba alirukaruka, na video ikatoka imecheza.

Ndipo ikaja harufu ya nyama.

Remigius alikuwa amechinja ng'ombe alfajiri. Mwisho wa shamba, chini ya turubai la buluu, yalikuwepo masufuria manane ya pilau, yameshapakuliwa nusu. "Karibuni ndugu zangu," alisema. "Anayevuniwa ndiye anayelisha. Hiyo ni mila yetu sote." Watu walikuwa wametembea kwenye tope tangu saa tano na njaa ilikuwa inawauma. Walipanga foleni.

Domitila naye alikuwa amepika, wali na kambale, lakini chakula kilikuwa nyumbani. Aliona ni utovu wa adabu kuinjika chungu kwenye shamba kabla Mtakatifu hajashuka. Noela alipanda bodaboda kwenda kukichukua. Aliporudi, sufuria mapajani, watu waliufunua mfuniko, wakasifu harufu, wakasema wameshashiba.

Alimkuta mzee Gasper anapambana na mfupa.

"Shikamoo mzee. Uliandika mwenyewe kwamba akishuka hapa, shamba ni la mama."

"Marahaba. Niliandika ni la yule anayesaidiwa. Sasa anayesaidiwa ni yupi? Anayevuniwa hulisha. Leo nani katulisha?"

"Nina video hapa."

Mzee Gasper alifuta vidole kwenye suruali, akaitazama video mpaka mwisho, kwa heshima zote. "Hii inaonyesha anavuna," alisema. "Haionyeshi anamvunia nani."

"Basi muulizeni mwenyewe. Si yule pale."

Katekista Egidius, aliyekuwa amesimama pembeni na sahani yake, alieleza kwamba Mtakatifu hajawahi kusema tangu aletwe kigangoni. Baraza hupokea ushahidi wa mdomo au wa dole gumba, na dole gumba la Mtakatifu lilivunjika mwaka ule machela ilipoanguka. "Mkono mtupu haulambwi, binti yangu," aliongeza, na hakusema kwa ubaya.

Hakuna aliyesema uongo siku ile. Hilo ndilo linalochoma. Kila mtu alijua shamba ni la nani, na kila mtu alikuwa na nyama mdomoni.

Saa kumi na mbili kasoro Mtakatifu alikata shina la mwisho na kufuta mundu kwenye majani. Miaka mingine hurudi moja kwa moja kwenye machela, hali kitu. Mwaka huu alikuja chini ya turubai, akaketi juu ya gunia mwishoni kabisa, wanapokaa vibarua. Mke wa Remigius alimpa sahani. Alikula. Alikuwa amefanya kazi mchana kutwa, na rangi ya viganja vyake ilikuwa imebanduka. Kisha alimwona Domitila bado amesimama njiani, akasogea kidogo kumwachia nafasi.

Domitila aliingia shambani, akakanyaga mabua, akaketi kwenye lile gunia na kupokea sahani. Kwa harufu tu aliujua mchele: ulikuwa wa mwaka jana, wa ardhi ile ile. Aliula wote.

Remigius alikuja na kijiti mdomoni.

"Shemeji, kesho saa moja tunapura. Ujira, mtu mmoja debe moja kwa siku. Njoo na huyu mwenzako," alisema akimwonyesha Mtakatifu kwa kidevu, "ana mkono mzuri."

Noela alisubiri mama yake akatae. Alisubiri kwa moyo wake wote. Domitila alilamba vidole, akauliza debe lenyewe ni la kilele au la kusawazisha.

"La kusawazisha," alisema Remigius.

"Haya. Tutakuja."

Asubuhi Noela alipanda bodaboda kwenda stendi, na njia ilipita pale shambani. Wapura mpunga walikuwa sita, saba na Mtakatifu. Mama yake alikuwa anamwelekeza jinsi ya kushika fimbo bila dole gumba. Noela alimwomba dereva apunguze mwendo, akamwita mama yake. Domitila aliinua mkono mara moja, akaendelea kupura, kwa sababu Remigius alikuwa anatazama.