Mita Saba za Mtaa Wetu

Mtaa wetu ulikuwa unafutwa. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, karatasi moja yenye muhuri wa ofisi ya mipango miji: nyumba arobaini na mbili zinaondolewa kwenye eneo la makazi na kuingizwa kwenye eneo la biashara na maghorofa. Sababu ilikuwa mstari mmoja tu. Barabara ya mtaa ni nyembamba, gari la zimamoto haliwezi kupita, kwa hiyo si mahali salama pa watu kuishi. Mwenye pingamizi alipewa siku ishirini na moja.

Nilisoma karatasi ile mara mbili nikiwa na ndoo yangu ya zana mkononi. Watu walionizunguka walikuwa wanaitukana ofisi. Mimi nilinyamaza, maana ile sababu ilikuwa ya kweli, na aliyeifanya iwe kweli ni mimi.

Mimi ni mwashi. Shule niliiacha darasa la sita nikaenda kubeba zege, na kwa miaka ishirini na saba nimejenga karibu kila kitu kilichoongezwa mtaani. Mambo yalikwenda hivi. Mtu mmoja anataka baraza ya kukalia jioni. Namjengea, mita moja. Jirani anaona, anataka na yeye, ila isiwe ndogo kuliko ya mwenzake. Wa upande wa pili anasema kama wale wamechukua, yeye amekosa nini. Baada ya miaka baraza inazungushiwa ukuta, inakuwa chumba. "Fundi, sogeza kidogo," wananiambia, na mimi nasogeza. Hakuna mwashi anayelipwa kwa kukataa.

Hata kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Dada yangu amenizidi miaka tisa. Alipofiwa na mumewe alikuja kukaa na mimi, yeye na cherehani yake, nikamjengea chumba mbele ya nyumba, mita mbili kwa tatu, dirisha kubwa likitazama njia. Hapo ndipo alipopatia riziki yake. Alishona sare za shule, akapunguza suruali, akapokea habari zote za mtaa bila kuondoa mguu kwenye pedali. Na chumba chote kile, kuanzia kizingiti, kilikuwa barabarani.

Mkutano ulifanyika uani kwa Nesi. Nesi ni muuguzi mstaafu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Nusu ya watu wa mtaa amewahi kuwachoma sindano, na mpaka leo akisimama wanakaa sawa.

Wengine walitaka twende na mabango. Wengine walitaka wakili. Mwenye duka la kona, ambaye tunamwita Kilo kwa jinsi anavyoipenda mizani yake, alisema yeye haoni msiba.

"Biashara zikija, duka langu si litapata wateja? Mnalia nini?"

"Na sisi tutakuwa wapi, bwana Kilo?" dada akamuuliza. "Utatupanga kwenye rafu?"

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Nikasimama.

"Barabara yetu ni mita saba," nikasema. "Haijawahi kuwa nyembamba. Mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji bado yapo. Najua yalipo kwa sababu niliyamwagia zege mwenyewe."

Viti viligeuzwa kunielekea.

"Kumbe ulikuwa unajua unatujengea barabarani?" mama mmoja akaniuliza.

"Na ninyi mlikuwa mnajua. Mlipokuwa mnaniambia sogeza kidogo, mlidhani tunasogea kwenye shamba la nani?"

Kesho yake Nesi alikwenda ofisini kuuliza kama tutabaki tukivunja tulivyoongeza na barabara ikarudi mita saba. Alirudi na barua. Afisa mipango alikuwa amekubali kwamba siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, gari la zimamoto lingeletwa. Likipita kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho bila kugusa kitu na bila kurudi nyuma, sababu yao imekufa, mtaa unabaki wa makazi.

"Nikamwambia aandike," Nesi alitueleza. "Akasema neno lake linatosha. Nikamwambia hata mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa sindano haiumi."

Likabaki swali moja tu. Nani anaanza kuvunja?

"Aanze aliyejenga," Kilo akasema. Nikaenda kuchukua zana zangu.

Nilimkuta dada anatia pindo. Nilisimama mlangoni na nyundo kubwa.

"Sema basi," akasema. "Umesimama kama mdai."

"Ni chumba chako."

"Najua ni chumba changu. Nilikuwepo mkutanoni, sikuwa nimelala." Akakata uzi kwa meno. "Nikifukuzwa mtaa mzima, nitakifanyia nini chumba?"

"Sina pengine pa kukuweka zaidi ya sebuleni."

"Sebuleni kwako giza kama ndani ya gunia." Akapapasa meza yake ya kukatia, mbao iliyolainika kwa mkono wake. "Toa dirisha kwanza. Usilivunje, ni zuri. Halafu piga. Ukianza kusitasita utaniliza mbele ya watu, na sitakusamehe."

Tukatoa cherehani, mavazi ya watu, meza. Nikalitoa dirisha zima na fremu yake. Kisha nikapiga. Watu walijaa nje wanatazama. Boriti ya juu ya dirisha iliposhuka, nondo tatu nene zilichomoza kwenye zege. Dada akaziinamia.

"Nondo zote hizi kwa kidirisha? Ulitegemea treni ipite juu?"

"Nilitaka kiwe imara," nikasema, na nikazichomoa na kuziegemeza ukutani haraka.

Saa nane mchana nilifika sakafuni. Pale ilipokuwa meza ya kukatia, nilipasua kwa tindo polepole, nikakuta kichwa cha jiwe la mpaka. Kipande cha zege cha mraba, chuma katikati, namba imechongwa pembeni, safi kana kwamba liliwekwa jana. Nikafunga tepu kwenye kile chuma, nikavuka njia nayo, nikahesabu mita saba. Ncha iliangukia katikati ya baraza ya jirani wa mbele.

Yule jirani aliangalia tepu, akaniangalia mimi, akaenda ndani. Nikajua nimempoteza. Akatoka na sururu.

Hapo ndipo mtaa mzima ulipoanza kuvunja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu waliogombana miaka kumi kwa sababu ya maji ya mfereji walishikana mikono kubeba vifusi. Mwalimu mmoja wa hesabu, mikono laini kama mkate, alivunja baraza yake peke yake siku nne na hakutaka msaada. Nesi alipita na maji na bandeji akiwagombeza wanaovunja bila viatu. Kila siku barabara ilipanuka, na watu wakawa wanatoka asubuhi kuitazama tu. Wengi hawakuwahi kujua jua linafika mpaka mlangoni kwao.

Siku ya kumi na nane tulifika kwenye kona ya Kilo. Alikuwa ameshavunja baraza yake, lazima niseme. Aliona aibu kubaki peke yake. Lakini mbele ya duka lake kulikuwa na nguzo, nene, ya duara, imepakwa rangi nyekundu, na imesimama kabisa kwenye pindo la njia. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa Nesi, na ukuta ule uko kwenye mpaka wake halali.

"Nguzo hapana," Kilo akasema. "Baraza nimewapa. Nguzo hii imebeba ghorofa, na wanangu wanalala juu yake. Muulizeni fundi, ndiye aliyeniambia."

Watu wote wakanigeukia.

"Labda gari litapita," nikasema.

Nilikuwa nimepima. Nilijua halitapita. Na nguzo ile nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote. Siku tatu nilizobaki nazo nilizitumia kufagia vifusi vilivyokwisha fagiwa.

"Kuna kitu unakitafuna," dada aliniambia asubuhi ya ukaguzi. "Kimeze au kiteme, lakini usinitafunie mezani."

Saa nne gari likaja, jekundu, refu, limeng'arishwa. Afisa mipango alitangulia kwa miguu na karatasi zake kwenye ubao. Mtaa mzima ulikuwa nje. Gari likaingia taratibu, likapita kwa mwalimu, kwa jirani wa mbele, kwangu pale kilipokuwa chumba cha dada, na pande zote nafasi ilibaki. Watu walikuwa wanatembea nyuma yake. Likafika kona. Dereva akakata usukani, akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Nikiendelea naichukua nguzo," akasema. "Labda nirudi nyuma nijipange upya."

Afisa akatazama barua yake. "Imeandikwa bila kurudi nyuma." Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata yeye alikuwa ameanza kututakia heri. Lakini alishika kalamu.

"Subiri," nikasema.

Nikasogea kwa Kilo. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kila mtu akasikia.

"Nguzo hii haibebi kitu."

"Wewe si uliniambia..."

"Nilikudanganya. Ulitaka nguzo ya kupendeza kisha ukaogopa gharama. Nikakwambia ghorofa litaanguka bila hiyo, ukatoa pesa. Mzigo wote uko kwenye ukuta wa ndani. Na ulilipia nondo nne. Humo ndani iko moja. Tatu ni zile pale, zimeegemea kwangu. Nilimjengea dada dirisha."

Niliona nyuso zikibadilika. Watu thelathini, arobaini, na kila mmoja alikuwa anahesabu kimoyomoyo ni kitu gani nilimjengea. Dada hakushangaa. Alitazama chini.

Kilo akazitazama nondo zile. "Mtu aliyenidanganya kwa uso mkavu namna hiyo," akasema, "kwa nini nimwamini leo? Wanangu wanalala pale."

"Washushe. Nitapanda mimi. Nitakaa chumbani mwao, juu ya nguzo yako, na wewe uvunje mwenyewe. Nikiwa nimedanganya tena, nitakuwa wa kwanza kujua."

Watoto walishushwa. Nilipanda ngazi, nikakaa sakafuni katikati ya vitanda viwili, chini ya dirisha. Nikasikia viatu vikipanda nyuma yangu. Dada akaingia, akahema, akakaa kando yangu, akanyoosha miguu.

"Shuka," nikamwambia.

"Sogea huko. Kama umedanganya tena, nataka nione unavyoshangaa."

Nyundo ya kwanza ilitikisa kioo cha dirisha. Ya pili ikaangusha mwanasesere kitandani. Kilo alikuwa anapiga kwa hasira, na hasira ile ilikuwa yangu, niliisikia ikipanda kwenye sakafu mpaka mgongoni. Dada alinishika mkono wa shati. Pigo la sita, la saba. Kisha kitu kizito kikaanguka chini kwa kishindo kimoja, vumbi likapanda mpaka dirishani.

Ghorofa halikusogea hata unywele.

Tukainuka, tukatoa vichwa nje. Kilo alikuwa amesimama juu ya vifusi, mweupe kwa vumbi, ameshika ncha ya nondo moja iliyopinda. Akaiinua juu ili watu waione. Kisha akaiburuta pembeni na kumpa dereva ishara ya mkono.

Gari lilipita. Lilipita kona ile kwa mwendo wa mtu anayetembea, upande mmoja ukuta wa Nesi, upande mwingine duka, na hakuna kilichogusa kitu. Likanyooka. Likafika mwisho wa mtaa kwenye barabara kubwa, na hapo dereva, ambaye hakutumwa na mtu, akapiga king'ora.

Sijui nieleze vipi kelele iliyofuata. Vifuniko vya sufuria, filimbi, watu wazima wanaruka kama wamekanyaga moto. Mwalimu wa hesabu alimkumbatia afisa mipango na kumpaka vumbi kifua kizima. Afisa akaegemeza ubao wake kwenye mgongo wa Nesi, akaandika, akatia sahihi, na Nesi akasoma mara mbili kabla ya kumruhusu aondoke. Mtaa ni makazi. Umebaki makazi.

"Basi tumeshinda," dada akasema pale dirishani. Alikuwa analia, hajali nani anaona.

"Tumeshinda."

"Nami nilidhani umenipenda sana, kumbe nondo ni za Kilo."

"Vyote viwili," nikamwambia.

Mtaa bado upo, na ukipita leo utaona watoto wanacheza katikati ya mita saba. Gharama yake ni hii. Baraza ishirini na sita. Ngazi kumi na moja. Vyumba vitatu, kimoja cha dada yangu, ambaye sasa anashonea sebuleni kwangu mbele ya lile dirisha, nililopachika ukuta wa nyuma, na hasikii tena habari za mtaa mpaka zipoe. Nguzo moja nyekundu. Nondo tatu, nilizompelekea Kilo begani mwenyewe, naye akazipokea bila kunikaribisha ndani. Na kazi yangu: ni miezi minane sasa, na katika nyumba arobaini na mbili hakuna hata moja iliyoniita kupachika tofali.