Mwenyekiti na Tembe Zake

Kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari hapa Malinya kilipochagua mwenyekiti, mtu mmoja tu alijipendekeza. Huyo ni Mwalimu Isaiah, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alistaafu unaibu wa mwalimu mkuu miaka tisa iliyopita, lakini sauti yake haijastaafu. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi tunapimwa zahanati, kisha yeye anasimama atuhutubie juu ya kongosho, kile kiungo cha tumboni kinachosimamia sukari. Kongosho analijua vizuri, hata picha yake ameichora. Kitu ambacho hakukijua ni kile alichokuwa anameza asubuhi.

Mwezi wa sita tulibadilishiwa dawa, mimi na yeye siku moja. Zamani tulikuwa na paketi mbili, metformin na glibenclamide. Sister Kageha, muuguzi wa zahanati, akatupa paketi moja mpya, akatueleza kwamba dawa zote mbili sasa zimo ndani ya tembe moja, asubuhi moja na jioni moja, pamoja na chakula, na kwamba zile za zamani tuzirudishe kwake. Mimi nilimwomba arudie. Mtu aliyeishia darasa la saba haoni haya kuuliza. Mwalimu alikuwa ameshafunga mkoba na yuko mlangoni.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea mke wake, Navalayo, mboga za mrenda, nikamkuta shemeji mezani akimeza dawa. Mjane huzoea kuangalia kwa sababu hana wa kuzungumza naye. Nikaona tembe mpya ikipita. Halafu akafungua mkebe wa maziwa ya unga, akatoa mbili za zamani, zikafuata.

Nikamuuliza kama hizo si zile Sister alisema zirudi. Akaniambia tembe moja ndogo hivi haiwezi kufanya kazi ya mbili, na zile za zamani zimeshaujua mwili wake. Akasema dume la kulima haliachishwi jembe siku moja.

"Wewe soma Biblia yako, Mama Mideva," akasema. "Mambo ya kemia niachie mimi."

Nikasoma Biblia yangu. Lakini Navalayo alinisindikiza mpaka njiani, akanieleza kwamba siku hizi mzee anaamka shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, na anamfokea kama mtoto aliyechelewa shule. Akimuuliza, anasema ni joto. Joto, mwezi wa sita, wakati sisi wengine tunalala na sweta. Nilimpigia Sister Kageha simu. Akasema hiyo ni sukari inashuka, aache zile za zamani leo hii, asikae bila kula, na aje apimwe. Akampigia na mzee mwenyewe pia. Mwenyekiti akamjibu kwamba ana shughuli, Jumamosi fahali wake anapigana na fahali mwenzake uwanjani.

Sasa hapo kuna jambo. Katika boma lao, tangu baba yao, mwenye fahali hatii kitu mdomoni mpaka fahali wake amalize kupigana. Wanaamini mwenyewe akishiba, fahali naye anakuwa mzito. Fahali wa shemeji anaitwa Inspekta, na Inspekta hana mwiko wowote. Ijumaa yote alilishwa majani mabichi yaliyochanganywa na molasi, akabembelezwa kama bwana arusi.

Jumamosi jua linachomoza, Navalayo akafika kwangu akihema. Mzee amemeza tembe zote tatu kwa maji matupu, amekataa uji, amekwenda uwanjani. Mimi nilikuwa nimeshavaa nguo za maombi ya akina mama. Uwanja wa fahali siendangi, kwa sababu ya pombe na kamari inayofuatana na wale ng'ombe. Lakini Bwana wetu aliponya watu hata siku ya Sabato. Nikatia chupa ya soda na kifuko cha sukari mkobani, juu ya Biblia, tukaenda.

Ngoma ya isukuti ilikuwa inalia, tunaisikia kwa mbali. Tulipofika, shemeji alikuwa mbele ya vijana wake na filimbi shingoni, anatoa jasho kuliko fahali. Alikuwa anawaongoza waimbaji kuelekea upande wa mpinzani, mzee Were, mtu mpole ambaye hata kuku wake hawamwogopi. Halafu akasimama, akatoa karatasi ambayo haikuwepo, akaanza kuita majina. Aliita Wekesa, akaita Beldina, akauliza kwa nini Beldina hajaleta kitabu cha hesabu. Alikuwa anaita rejista ya darasa la sita.

Watu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka. Lakini ghafla akaketi chini kwenye umande, na kicheko kikakatika. Mtu mmoja akasema Were amemroga. Neno hilo likazunguka uwanja mara moja tu, na nikaona vijana wameanza kuvunja matawi, na si ya kuchezea ngoma, ni ya kumpigia Were.

"Were hajamroga mtu," nikawaambia. "Huyu amemeza dawa mara mbili na hajala tangu jana. Nipisheni."

Sister alitufundisha kwamba mtu wa hali hiyo, kama bado anaweza kumeza, apewe kitu cha sukari haraka, na akiwa amezimia asimwagiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Nikamwambia ameze mate. Akameza. Nikamshikia soda, akanywa kidogo kidogo huku akiniita Mwalimu Mkuu. Baada ya robo saa macho yake yakarudi, akaniangalia kwa ukali, akauliza mjane wa kanisa anatafuta nini kwenye fahali.

Nikamwambia tunakwenda hospitali, kwa sababu Sister amesema ile glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Akakataa. Inspekta hajapigana.

"Inspekta atapigana bila wewe, shemeji," nikasema. "Yeye ana pembe."

Wanaume wakampakia kwenye pikapu. Navalayo alimlisha mkate njiani, lakini kabla ya saa sita sukari ikashuka tena wodini, kama Sister alivyosema. Alilazwa siku mbili na dripu.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mwalimu alirudi nyumbani na kumweleza kila aliyekuja kumjulia hali kwamba amerogwa. Namwelewa. Kurogwa ni heshima, maana yake una kitu cha kuonewa wivu. Kumeza dawa bila kusikiliza ni ujinga tu, na ujinga hauimbiwi isukuti. Kwa hiyo Were akawa anazunguka njia ya mbali asipite kwa Mwalimu, na mkebe ukabaki kwenye rafu. Jumanne ya wiki iliyofuata Navalayo akaniambia mzee ameanza tena kuufungua. Si alirogwa? Basi tembe zina kosa gani?

Hapo niliona jeneza. Nimezika mume, najua linavyoingia mlangoni kwa ubavu. Nikazungumza na Sister Kageha, naye akaagiza kila mwanakikundi aje Alhamisi na kila dawa iliyomo nyumbani kwake.

Mwenyekiti alikuja na hotuba. Nyuma yake akaja Navalayo, akaweka mkebe mezani, akaketi bila kumtazama. Sister akamwomba mwenyekiti, kwa kuwa ana sauti nzuri, awasomee wenzake yaliyoandikwa kwenye paketi mpya.

Akavaa miwani. "Metformin na glibenclamide," akasoma.

"Na hizo za mkebe?" Sister akauliza.

Akatoa paketi ya kwanza. "Metformin." Akatoa ya pili, akaitazama kwa muda mrefu. "Glibenclamide," akasema, polepole kama mtoto wa darasa la tatu.

Osundwa, mkata miwa ambaye hajui kusoma hata jina lake, akasema kutoka nyuma, "Kumbe ulikuwa unamezanga mtu pamoja na kivuli chake."

Mimi nikauliza, "Na Were, shemeji, alikuandikia ipi kati ya hizo?"

Shemeji alifunika mkebe, akausukuma kwa vidole viwili mpaka mbele ya Sister. Kisha akasema, akiangalia ukuta, kwamba jioni atapita kwa mzee Were. Hotuba hakuitoa. Akaja kuketi kwenye benchi letu, karibu nami, na baada ya muda akaniinamia.

"Mama Mideva," akanong'ona, "na nikisahau ya asubuhi, jioni nimeze mbili?"

Nilijibu kwa sauti, ili Osundwa naye asikie. "Hapana. Mbili usimeze kamwe. Kama jioni imekaribia, hiyo ya asubuhi iache, umeze moja ya jioni na chakula. Na ukiwa na shaka, muulize Sister."

Akafungua daftari lake, lile lenye picha ya kongosho, akaandika. Nilichungulia. Alikuwa ameandika yote, na chini yake amepiga mstari kwa rula.