Maranda ya Morris

Wakesho alipojenga banda lake la kwanza la kuku kule Wusi, mara tu baada ya Pasaka, kaka yake Morris alimletea magunia ya maranda ya mbao. Aliyabeba mgongoni mwenyewe, akayatandaza sakafuni mwenyewe, eti vifaranga wa dadake wasipate baridi. Wakesho aliguswa moyo hata akamchinjia jogoo.

Sasa kuku wake walikuwa wanakufa ovyo, na daktari wa mifugo alikuwa amempasua mmoja mbele yake. Utumbo ulikuwa umevimba, ndani umeparara kama taulo kuukuu, na harufu yake ilimfanya Wakesho azibe pua.

"Ni bakteria," daktari alisema. "Sumu yao ndiyo inayokula utumbo. Wanajificha kwenye maranda machafu muda mrefu sana. Hata kwa Morris nilikuta hivi hivi kabla ya Pasaka, nikamwambia ayachome yote."

Wakesho hakungoja kuambiwa dawa. Mtu wa tumbo moja naye! Alikatiza shamba la mahindi mbio hadi kwa Morris, akamkuta bandani akiwanywesha maji vifaranga wapya, juu ya maranda meupe yanayonukia mbao mbichi.

"Kaka, daktari hakukuambia uyachome yale maranda?"

"Aliniambia."

"Sasa mbona ukaniletea mimi?"

Morris alimwangalia kama anayeulizwa jambo la kitoto.

"Ningeyachomea wapi, Wakesho? Moshi wote ule, na mimi nina vifaranga?"