Rupia ya Saba, Safi na Fifi

Eti chukua fifi, mayu, mama yangu, nani atajua, hivyo ndivyo alivyosema mkwewe Specioza, kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya gulioni, chukua hiyo iliyochakaa ifanane na wenzake, na Kwandu kakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya Migato, rupia moja kiganja cha kulia, nyingine cha kushoto, jua la saa nne likimpiga magotini, na mpima pamba Salvatory kachuchumaa mbele yake kama mtu aliyekuja kuposa, mizani yake kaifunga kwenye baiskeli... fifi, loo, huyu Specioza fifi kaijulia wapi, kaolewa juzi, siku hizi za ruksa kila wiki kampuni mpya, wanagombea pamba mlangoni na wanaizoa yote ndani ya gunia moja, enzi za Kwandu ulikaa mkekani tangu alfajiri unatenga, safi huku, fifi kule, yenye doa, yenye jani, iliyoharibiwa na mdudu, karani wa ushirika akikuta fifi ndani ya safi anakumwagia gunia mbele ya watu, mikono hii imechambua, haidanganywi, na rupia nazo ni hivyo hivyo, hii ya kulia safi, Mjerumani ana kofia yake, ndege juu ya kofia unamhesabu manyoya, masharubu yamesimama, na hii ya kushoto fifi, Mjerumani kalika uso mpaka kabaki kama kiazi. "Bibi, hiyo safi ni daraja la juu," Salvatory anasema, "haijapita mikono mingi, wakusanyaji wa sarafu za kale huko Mwanza wanaitafuta kwa tochi. Nipe mbuzi jike, ni yako. Hiyo nyingine, jogoo tu, tumalizane." Mbuzi, jogoo, hayo hayamnyimi usingizi, kinachomkaa kifuani ni Jumamosi, maana Jumamosi ukoo unakaa, na ukoo ukikaa lazima mfuko wa ngozi wa guku Luhaga ufunguliwe, rupia alizolipwa babu huyo kwa kuwabebea Wajerumani mizigo zimwagwe kwenye ungo, saba, kila mwanamume aguse, ndipo maneno yaanze, na mtunzaji ni yeye Kwandu tangu mumewe Shija afariki, yeye asiyejua kusoma hata jina lake, lakini magomvi yote ya ukoo anayo kichwani, nani alisogeza mpaka wa shamba, ng'ombe yupi wa mahari alifia njiani, wote wanakuja kumuuliza yeye, na mfukoni zipo sita, mwaka wa kumi na tatu huu zipo sita, na Bundala, shemeji yake wa Zagayu, kaapa kwamba Jumamosi zisipotimia saba mfuko anauchukua yeye, na mwizi eti anajulikana... Salu. Wifi yake Salu, aliyekuja siku ile kumlilia mama yake, akaondoka na jina la mwizi, Bundala kaka yake alimfukuza hapa hapa uani, "Nyayo zako nisizione tena," na Salu, "Kaka, kama nimeigusa rupia ya guku, nife leo," na hakufa, yupo Nyalikungu anauza karanga, harusini haji, matangani haji, na Kwandu siku hiyo alikuwa amesimama pale na ungo mkononi, kimya... "Au chukua safi tuisugue na mchanga, mayu, itazeeka leo leo!" "Wee mama!" Salvatory karuka, "ukiisugua umeiua!" "Bhebhe, wewe Specioza," Kwandu akasema bila kuinua macho, "kwako kila kitu ni sufuria?" na Specioza akacheka, naye akacheka, lakini kichwa kilikuwa kimeshakwenda, mwaka ule wa foleni, duka la ushirika rafu tupu, pamba tunalima sisi, malori yanaondoka yamejaa, nguo hakuna, watu wanazikwa kwa magunia, na mama mkwe amelala ndani, amekufa alfajiri, blanketi lake matundu matupu, Shija kaenda kuchimba kaburi, Bundala bado yuko njiani na ng'ombe wa mnadani, akaja mtu wa magendo na kitambaa cha marekani nyeupe kaificha chini ya shati, noti hataki, anataka fedha ya kweli, na Kwandu akafungua mfuko, akatoa moja, akamvalisha mama wa watu akapendeza, na hadi leo Bundala pombe ikimpanda anajisifu, mama yangu alizikwa na marekani mpya, kama vile nguo iliota shambani, na angesema, Kwandu angesema kesho yake, kesho ikawa matanga, keshokutwa Bundala akahesabu, jina la Salu likamtoka kabla yeye hajafungua mdomo, na ukichelewa siku moja ya pili inakuwa ngumu zaidi, mpaka miaka... haya, tuseme anatia fifi, Jumamosi zinamwagwa, saba, zote zimechakaa, Bundala atafanyaje, atajipiga mapaja, mnaona, mnaona, Salu kairudisha kwa mlango wa nyuma, basi, Salu mwizi wa milele, sasa na ushahidi uko kwenye ungo... hee, hilo alikuwa hajaliona, kiganja cha kushoto kikamwasha kama kashika upupu, na hii safi je, itang'aa katikati ya zile sita kama jino la dhahabu, hata mlevi atauliza hii mpya imetoka wapi, na ya zamani iko wapi, na wa kujibu ni mmoja, na wakitaka mfuko wauchukue, hayo magomvi ya kichwani watayabeba na nini, wataulizana wao kwa wao mpaka wachoke, watarudi hapa hapa. "Bibi, umeamua? Jua linapanda." Hajainuka kigodani, rupia zote mbili akamrudishia. "Kesho si unapima pamba Zagayu wewe?" "Ndiyo, bibi." "Mtafute Bundala, mwambie watu wakiwa wengi pale mizanini, usimwite pembeni. Mwambie shemeji yake Kwandu anasema rupia ya saba aliitoa yeye, kwa mkono wake, akamnunulia mama yao sanda. Salu hajaiba kitu. Sema hivyo hivyo, mwanangu, usilainishe, na wakitaka kusikia mara ya pili, rudia."