Bakuli Zisizobabuliwa

Tangu alfajiri mpishi hakutulia. Alifunua sufuria zisizohitaji kufunuliwa, akahesabu meza za ukumbini, akasahau alipofika, akaanza upya. Bibi harusi alitaka jambo moja tu: wageni wale kwenye majani, plastiki isionekane. Mpishi alikubali palepale, kwa kuwa mama mkwe wake alijua kushona sahani na bakuli za majani ya mgomba, ingawa macho yake sasa yaliona mwanga na kivuli tu.

Walishona siku mbili. Bakuli za mwisho mpishi alizishona peke yake kulipokucha, mama mkwe akiwa bado amelala. Saa nne akatia mchuzi kwenye moja kujaribu. Ukammwagikia miguuni. Ya pili ikapasuka kwenye mkunjo, ya tatu vilevile.

 Mpishi alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda dukani mbio, akarudi na bakuli za plastiki, akazisukuma chini ya meza.

Mama mkwe aliinua kichwa. "Nini hicho kinachochakacha, mwanangu?"

"Mifuko ya chumvi, Mama."

Mama mkwe hakubisha. Aliomba bakuli, akaipapasa ukingo mpaka kitako. "Hii si ya mikono yangu. Na jani halikubabuliwa."

Uso wa mpishi ukawaka. Ni kweli, kupitisha kila jani motoni mpaka lilainike kulimchosha, akaiacha hatua hiyo. 

"Niliharakisha, Mama. Na ile si chumvi. Nimenunua plastiki."

Mama mkwe akauliza wageni wanaingia saa ngapi. Alipoambiwa saa saba, akaomba jiko lisogezwe. Mpishi akababua, mama mkwe akakunja, njiti za kushonea zikapita. Vidole viliwaungua wote wawili.

Saa saba walipungukiwa bakuli za meza moja. Mpishi alikwenda mwenyewe kumweleza bibi harusi. Msichana alikunja uso, akatazama umati mlangoni, halafu akasema, "Basi hizo za plastiki ziwekwe mezani kwangu. Wageni wangu wale kwenye majani."

Watu wakala. Mpishi alizunguka akiinama kuchungulia vitako vya bakuli, mpaka mama mkwe akamshika upindo wa kanga.

"Kaa, mwanangu. Hazivuji."

Akakaa. Kijiko kilipoanguka meza ya mbali, akainuka tena.