Shavu la Tanga

Nina shavu moja tu. Likivimba kushoto, ujue nimepulizwa kutoka kulia. Mimi nani? Mjukuu wangu alikitegua kitendawili hicho akiwa na miaka minne. Mwenyekiti wa klabu yetu ya mashua ana sitini na kitu, na bado simwekei dhamana.

Tunamwita Bwana Kifungu, maana hapigi hata chafya bila kutaja kifungu. Kitabu cha sheria za mashindano anakibeba kwapani mpaka msalani. Kupanda mashua ndiyo hajawahi, anasingizia kiuno.

Asubuhi ya mashindano ya klabu, mashua ya mpwa wake iliigonga ya mjukuu wangu karibu kabisa na mstari wa mwisho. Mmoja lazima afutwe, na atakayebaki ndiye atakayekwenda mashindano ya taifa. Tukaitwa ofisini. Mimi ndiye mshona matanga wa klabu, kwa hiyo nilikaa pembeni na tanga la mjukuu wangu mapajani, limechanika kama kanga kuukuu.

Bwana Kifungu akapanga vikombe viwili mezani, akachomeka kipande cha karatasi katika kila kimoja. Hizo ndizo mashua na matanga yake. Akakohoa, akasoma:

"Anayepata upepo kushoto ampishe anayepata upepo kulia." Akafunga kitabu, pa! "Haya binti, tanga lako lilikuwa upande gani?"

"Kushoto, lakini..."

"Hakuna lakini! Kushoto ni kushoto. Ulipaswa kupisha. Umefutwa."

Mjukuu wangu akanigeukia, macho yamejaa maji. Miezi minane ya mazoezi, viganja vimeota sugu, halafu anafutwa na kikombe cha chai!

"Mwenyekiti," nikasema, "nisaidie mimi niliyeishia darasa la saba."

"Sema, mama. Kwa ufupi."

"Hebu kipulize hicho kikombe kutokea kushoto."

Akajaza mashavu, akapuliza. Karatasi ikalala kulia.

Akakitazama kikombe kama kimemtukana.

"Labda upepo wa humu ofisini haujasoma kitabu," nikasema. "Jaribu tena, baba."

Akapuliza tena. Karatasi ikalala kulekule.

Nikamgeukia mpwa. "Na lako, mwanangu, lilikuwa wapi?"

"Kulia, bibi." Akainama. "Upepo nilikuwa naupata kushoto. Mimi ndiye niliyepaswa kupisha."

"Ulijua?" mjomba wake akafoka.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unafafanua, mjomba."

Bwana Kifungu akafuta jina la mpwa wake kwenye fomu, akanyoosha tai. "Ndiko nilikokuwa naelekea," akasema. Maskini! Alikuwa anaelekea huko kinyumenyume.

Nje, mjukuu wangu alinikumbatia pamoja na tanga lake. "Bibi, kwa nini hukumtegea tu kile kitendawili cha shavu?"

"Tungelala humo," nikamwambia. "Angeanza kutafuta kiko kifungu cha ngapi. Shika upande huo wa tanga, tukashone."