Zumari na Manjano

Miezi minane binti mpakaji rangi hakuwa amempa baba yake hata salamu, na usidhani waliishi mbalimbali. Walifanya kazi jengo moja! Yeye chini, chumba cha rangi. Mzee juu, chumba cha muziki. Wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja anageuza shingo kana kwamba ukutani kuna la kutazama. Kisa? Siku mama anakata roho, binti alipiga simu mara kumi na moja, na mzee alikuwa amejifungia anarekodi zumari, simu kaizima. Alipoiwasha, mkewe alikwisha kufunikwa shuka. Binti akaapa hatamsamehe.

Kazi yao ilikuwa katuni ya watoto, ile ambayo watazamaji wanaamua wenyewe. Hadithi inafika njia panda, milango miwili inatokea, watoto ukumbini wanabonyeza vitufe vya viti vyao, kushoto au kulia, na wengi ndio wenye neno. Wanaamua wenyewe? Thubutu! Ukitaka waende kushoto, tia zumari huko, au upake manjano ya kung'aa, nao watakwenda mbio huku wanajiona wafalme. Watu wa jengo lile walilijua hilo na wala hawakuona haya.

Ila sharti lilikuwepo, na aliyeliweka ni marehemu mama mwenyewe, kwa mwandiko wake, kwenye karatasi iliyobandikwa vyumba vyote: zumari na manjano visikae pamoja ila kwenye mtego wa Bweha, yule adui wa katuni. Kimoja peke yake ni kivutio. Vikikutana, Bweha kajificha, kimbia! Miaka mitatu watoto walilishwa somo hilo, wakalishika kuliko masomo ya shule.

Marehemu ndiye aliyekuwa sauti ya Shangazi Kobe, yule mzito wa kutembea na mwepesi wa kutania. Aliacha sauti ya kutosha vipindi kumi na viwili. Lakini mkurugenzi akasema watoto waulizwe: Kobe abaki safarini, au aende zake mlimani na sauti yake isisikike tena.

"Mama yangu huyo," binti alimwambia.

"Pole, dada. Lakini hapa watazamaji ndio wanaochagua. Nataka milango yote miwili iwe ya kijivu, na mlio uwe ngoma tupu. Asipendelewe mtu."

Binti alirudi chumbani kwake damu inamchemka. Nyumbani hakuwa na sauti ya mama hata ya kusema "njoo ule". Ilikuwa pale tu, ndani ya kobe wa katuni. Aende juu akamwombe mzee washauriane? Yule aliyeshindwa kupokea simu? Hata kwa dawa! Akazima sauti ya kompyuta, maana siku zote alipaka rangi katika kimya, akaumwagia mlango wa kushoto, wa Kobe kubaki, manjano hadi kizingitini. Kisha akampelekea Mkasi, mhariri anayeunganisha picha na muziki, bila neno la ziada. Alijiona mjanja.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa pomoni. Binti alikaa nyuma. Mzee alikuwa safu mbili mbele yake, mabega yameanguka, kofia anaifinyangafinyanga mapajani, na binti alimwonea huruma kidogo, kisha akajikemea.

Milango ikatokea. Wa kulia kijivu. Wa kushoto manjano, mazuri ajabu. Binti akatabasamu. Ndipo zumari likalia.

Lilitoka mlango uleule wa kushoto, taratibu, wimbo ambao mama alikuwa akiuimba jikoni. Mzee naye alikuwa amevunja amri! Naye alitunga akitazama picha zisizo na rangi, kama ilivyo desturi yake, akidhani binti atatii kijivu.

"Bweha!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Mtego huo! Msibonyeze kushoto!"

"Bweha! Bweha!" ukumbi mzima ukaitikia.

Kulia, mia mbili na kumi na mbili. Kushoto, tisa.

Shangazi Kobe akageuka, akainua mguu wake mzito, na kwa sauti ileile ya mama, iliyorekodiwa kwa ajili ya kila mlango, akasema: "Hongereni, wanangu. Mmechagua vizuri." Kisha akapanda mlima, akawa mdogo, akaisha. Watoto wakashangilia kwa kuwa wamemshinda Bweha.

Mkasi aliinama kando ya binti. "Nilipoona vimekaa pamoja nikajua mmepatana," akanong'ona. "Nikasema, hawa wawili wameamua mama apumzike. Nilifurahi, haki ya nani, ndiyo maana sikugusa kitu."

Mzee alikuwa amesimama. Alikuja safu kwa safu akishikilia viti, macho yamejaa machozi.

"Mwanangu, ni wewe uliyeweka manjano?"

"Na wewe zumari."

"Si ungenipigia simu tu?"

Binti alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Ungepokea?"

Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ukumbini watoto walikuwa bado wanapiga makofi.